Mwenye Kibanda na Siri za Mtaa

Historia ya simu Tanzania huandikwa kwa majina ya kampuni: nani alisimamisha minara mwanzo, nani alimnunua nani, jina lipi lilifutwa ukutani na rangi ipi ikapakwa juu yake. Mimi niliiona kutokea ndani ya kibanda cha mbao Magomeni, na kutoka pale ilikuwa historia ya watu. Kwa miaka mingi mkazi wa kawaida wa Dar es Salaam hakuwa akikutana na mashine peke yake. Kati yake na mashine alikuwepo mtu: mwenye kibanda cha simu, mwenye kafe, kijana wa gemu, anayechajisha, fundi, wakala wa pesa. Hao ndio waliozishika siri za mtaa kabla nchi haijawa na sheria ya taarifa binafsi, na walizishika kwa adabu tu, bila mkataba wala karatasi. Kazi yao hiyo naona inasahaulika. Nataka kuieleza kabla sisi tulioifanya hatujaisha.

Wala hatukuwa wa kwanza. Kabla ya simu kulikuwa na sanduku la posta, na sanduku lenyewe halikuwa la mtu mmoja. Barua haikuletwa mlangoni. Ilikwenda kwenye S.L.P. ya kiwanda, ya shule, ya parokia au ya msikiti, ikabebwa kutoka hapo na yeyote aliyekuwa akielekea upande wa mwenyewe. Iliweza kupita mikono mitatu minne njiani. Ikifika kwa bibi asiyejua kusoma, aliitwa mtoto wa shule. Mimi nilikuwa mtoto huyo. Nilifundishwa mapema: soma yote, usiruke neno la aibu, usicheke, ukimaliza irudishe kwenye bahasha, na ukitoka nje ya chumba hujaona kitu. Mtoto aliyekwenda kusimulia barua ya bibi kwa wenzake bombani alichapwa, na aliyemchapa hakuona haja ya kueleza kosa.

Simu ilikuwa mbali zaidi. Mpaka 1977 posta na simu za Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa chini ya shirika moja la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika, kila nchi ikabaki na lake. Laini ya mezani ilikuwa ya ofisi, ya daktari, ya mkubwa. Mtu wa kawaida mwenye ndugu ng'ambo alikwenda Extelecoms House, barabara ya Samora, akaandikisha namba, akakaa akisubiri kuitwa. Kompyuta ndiyo kabisa: mwaka 1974 serikali ilizuia zisiingizwe nchini, na zuio hilo likadumu hadi miaka ya 1990. Televisheni ilikuwepo Zanzibar tangu miaka ya 1970, tena ya rangi, lakini Bara tulingoja mpaka 1994. Kizazi changu kilikua na redio, chombo kinachosema bila kumsikiliza mtu. Hatukuwa na mazoea yoyote ya kifaa kinachotusikiliza sisi.

Mwaka huohuo wa 1994 shirika la posta na simu liligawanywa, TTCL ikazaliwa, na Mobitel ikaanza kuuza simu za mkononi. Simu hizo zilikuwa za wafanyabiashara. Wengine tuliziona zikiwekwa mezani kwenye harusi. Mambo yalibadilika Vodacom ilipoingia mwaka 2000 na Celtel mwaka uliofuata. Vocha za kukwangua zikajaa madukani, na mtu mwenye mtaji mdogo akaweza kununua laini moja akauuzia mtaa mzima dakika.

Ndivyo nilivyoingia kazini. Kibanda kilikuwa mbao na bati, meza, benchi la wateja, saa ya ukutani, simu moja na daftari. Mteja alitaja namba, nikabonyeza, ikipokelewa nikampa mkono wa simu na kuitazama saa. Alilipa kwa dakika. Kwa hiyo niliyasikia yote, nitake nisitake. Nilimsikia mke akimwuliza mume aliyeko Muscat kwa nini miezi mitatu sasa hajatuma kitu. Nilimsikia kijana akimwambia baba yake wa Mwanza kwamba amepata kazi bandarini, nami namjua anashinda kijiweni. Nilisikia majibu ya hospitali. Benchi nalo lilisikia, maana lilikuwa hatua mbili tu kutoka mezani.

Adabu ya kazi ilijijenga humohumo. Mteja akianza kushusha sauti, niliongeza redio. Akianza kulia, nilitoka kufagia nje, mahali ambapo palikwisha kufagiliwa. Kwenye daftari niliandika namba za ndugu za wateja, kwa sababu wengi walikuja na kikaratasi kilichochanika au hawakujua kusoma. Mama wa maandazi alisema tu, "Mwanangu, nipigie wa Tabora," nami nilijua ni nani. Daftari hilo halikukaa mezani. Lilikaa chini ya khanga, kwenye kiti nilichokalia. Waume walikuja kuomba kuona mke amempigia nani, na wake walikuja kuomba kuona mume amempigia nani, wengine wakiwa na noti mkononi. Hakuna aliyefunuliwa ukurasa.

Simu za kuingia ndizo zilizokuwa na mzigo. Mtu wa Songea alipiga, akasema mwite fulani, nitapiga tena baada ya nusu saa. Nilimtuma mtoto. Sasa, ikiwa huyo wa Songea amenidokeza kwamba mama yao amefariki, mtoto hakuambiwa neno. Alipewa maneno haya tu: "Kuna simu yako, wanapiga tena." Niliwaomba wa benchini wapishe, nikamwita jirani mmoja mtu mzima akae karibu, nikasubiri mwenye msiba aje aelezwe na ndugu yake mwenyewe. Nimepata kujua vifo vya watu kabla ya watoto wao kujua, na nikapokea salamu yao na kuijibu. Hakuna aliyetuandikia utaratibu huo. Vibanda vya Manzese na Temeke vilifanya hivyohivyo, maana ndivyo habari ya msiba ilivyokuwa ikipelekwa tangu zamani, kupitia mtu mzima anayeweza kujizuia. Simu ilikuta utaratibu upo, ikaingia ndani yake.

Kisha simu zikashuka bei. Mwaka 2003 Nokia ilitoa modeli ya 1100, yenye tochi na vitufe visivyopitisha vumbi, na dunia ikanunua zaidi ya milioni 250. Mtaani kwetu kila mmoja alitaka yake, hata kama hana salio la kuitumia. Watu wakaanza kubip. Mlio mmoja, nimefika salama; miwili, nipigie; mitatu, mzee yupo nyumbani, usije. Kila wawili walikuwa na makubaliano yao, na mtu wa tatu hata akiiona namba kwenye kioo hakujua maana yake. Wapenzi wengi wa wakati ule waliishi kwa milio hiyo mwaka mzima bila kutamka neno.

Kibanda changu kikageuka kuwa cha vocha na kuchajisha. Simu zilipangwa mezani kwa vipande vya plasta vyenye namba, na kwa saa tatu au nne mtaa mzima ulikuwa umelala mikononi mwangu. Hapo niliona jinsi watu walivyo waangalifu. Wanawake wengi walitoa laini kwanza wakaifunga kwenye pindo la khanga. Wengine waliizima simu mbele yangu na kunitazama usoni. Kwa ndugu zangu wa Kilosa, ambako umeme ulikuwa senta tu, mtu alipeleka betri peke yake, ikabanwa kwenye chaja ya kobe, simu ikabaki nyumbani. Nasikia wataalamu wakisema watu wetu hawajali usiri wa vifaa vyao. Wangesimama asubuhi moja kwenye foleni ya kuchajisha wasingesema hivyo.

Palipovuja kwanza ni kwenye picha. Memori kadi zilipokuja, simu ikaanza kubeba nyimbo, video na sura za watu, na vikaota vibanda vya kuingiza nyimbo: unatoa kadi yako, kijana anaichomeka kwenye kompyuta, anakujazia bongofleva na taarab, unalipa, unaondoka. Lakini kompyuta inayoweza kuweka inaweza pia kuchukua. Binti mmoja wa mtaani kwetu picha zake za chumbani zilizunguka kwa bluetooth kutoka simu hadi simu, mpaka wazazi wakamhamisha shule. Watu wazima karibu wote walimlaumu yeye kwa nini alijipiga picha. Mimi nilimlaumu aliyezinakili, na msimamo huo sijauacha. Picha ilikuwa yake, ndani ya simu yake, ndani ya chumba chake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilikuja 2015. Wakati ule kulikuwa na aibu tu, na aibu ikamwangukia aliyeibiwa.

Kwa muda nilifanya kazi kwenye kafe ya intaneti, barabara ya Morogoro. Kabla ya mkongo wa baharini wa SEACOM kufika pwani yetu Julai 2009, intaneti nyingi ilitoka angani kwa setilaiti, ghali na ya kusuasua. Mteja alilipia nusu saa, robo yake ikaisha ukurasa ungali unafunguka. Wengi hawakujua kompyuta, kwa hiyo walisema nami nikaandika: maombi ya chuo, malalamiko ya mshahara, barua za mapenzi kwa mtu aliyeko Minneapolis. Wengine walisahau kufunga akaunti zao wakaondoka, na anayekaa baada yao akakuta barua zote wazi. Kanuni yetu ilikuwa kupita kila mashine mteja anapoinuka na kufunga kilichobaki bila kukisoma. Tajiri wetu aliweka ubao kati ya mashine na mashine ili jirani asichungulie.

Nakumbuka ubao huo kila ninapofikiria kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, zilizotaka kafe za intaneti zifunge kamera na kuweka kumbukumbu za watumiaji wake. Najua sababu iliyotolewa: wahalifu walijificha kwenye kafe. Wahalifu walikuwepo, nami niliwahi kuwatoa. Lakini kijana aliyekuja kusoma habari za ugonjwa alioona aibu kuutaja hospitali naye alikuwepo, na kwa mmoja wa kwanza walikuja kumi wa namna ya pili. Kamera iliagizwa itazame palepale ambapo sisi tuliweka ubao pasitazamwe. Wakati huo, hata hivyo, simu janja zilikwisha kuziua kafe nyingi.

Kilichobaki cha kafe ni steshenari, na steshenari ninaiogopa. Ingia yoyote leo, jirani na chuo au ofisi ya serikali, utazame kioo cha kompyuta yake: wasifu wa kazi, vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya NIDA, mikataba ya nyumba, vyote vimeachwa hapo na watu waliokuja kuchapisha karatasi moja miezi iliyopita. Fotokopi iliyoharibika hutupwa kwenye boksi, na boksi huuzwa kwa kilo. Nimenunua karanga zilizofungwa kwenye nakala ya kitambulisho cha mtu, uso wake na tarehe yake ya kuzaliwa vikisomeka. Vijana wanaoendesha steshenari si wabaya. Hawakupata kufundishwa na mtu kwamba kile kilichomo kwenye mashine kina mwenyewe, jambo ambalo mtoto aliyemsomea bibi barua alilijua akiwa darasa la tatu.

Nije kwenye gemu, maana hapa najua wengi hawatakubaliana nami. Sony walitoa PlayStation Japani mwishoni mwa 1994 na ya pili mwaka 2000, na hiyo ya pili imeuzwa zaidi ya milioni 150, kuliko mashine nyingine yoyote ya michezo. Mitaani kwetu hazikuingia nyumbani. Moja ilihudumia mitaa mitatu, ndani ya banda lenye TV ya chogo, pedi mbili zilizofungwa plasta, na benchi. Ulilipia mechi. Mchezo ulikuwa Winning Eleven wa Konami, baadaye na FIFA, na sheria ilikuwa ileile ya bao barazani: anayeshindwa anainuka, anayeshinda anangoja mwingine. Wazee waliokaa chini ya mwembe na bao lao, mchezo alioupenda hata Mwalimu Nyerere, waliwaita vijana wa gemu wahuni, na wote wawili walikuwa wakifanya jambo moja: kucheza hadharani mbele ya watu wanaojua kucheza.

Banda la gemu lilikuwa na mabaya yake. Watoto walitoroka shule, sadaka za Jumapili na hela za madrasa ziliishia kwenye pedi. Lakini mwenye banda aliyejiheshimu alikuwa na masharti. Sare ya shule haiingii. Mtoto mdogo anatoka adhana ya magharibi ikisikika. Anayetukana anapoteza zamu. Mama akimtafuta mwanawe alimtuma mdogo wake achungulie, na jibu lilirudi kabla ya chai kupoa. Mtoto alifahamika kwa jina la utani la uwanjani tu. Mashine haikumwuliza jina la nyumbani, umri wala anakoishi. Waliobobea walikuwa na memori kadi zao, za megabaiti 8, wakizibeba mfukoni ndani ya kipande cha nailoni. Kijana asiye na televisheni kwao, pengine asiye hata na kitanda chake, alikuwa na ligi yake nzima mle ndani, magoli na wachezaji aliowanunua, na hakuna aliyeweza kuifungua asipokuwepo. Sijaona mali ya kidijitali iliyokuwa ya mwenyewe kikamilifu kuliko ile.

Mjukuu wangu anacheza peke yake chumbani, kwenye simu. Winning Eleven ikawa Pro Evolution Soccer, na mwaka 2021 Konami wakaipa jina la eFootball. FIFA nayo tangu 2023 inaitwa EA Sports FC. Yeye na wenzake wanapenda pia Free Fire. Akaunti ya mchezo inataka barua pepe au akaunti ya mtandao wa kijamii, simu inaulizwa ruhusa hizi na zile, na mtu anayezungumza naye wakiwa vitani kwenye mchezo anaweza kuwa mtoto wa Kigoma au mtu mzima wa nchi nisiyoijua. Mchezo wenyewe ni mzuri. Nimekaa nikautazama na nikaelewa kwa nini anaupenda. Ninachokililia ni benchi. Mzazi aliyekuwa akilichukia banda la gemu alijua mwanawe anacheza na nani. Mzazi wa leo ana amani kwamba mtoto yupo nyumbani, na hajui yupo na nani.

M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikaja Tanzania 2008, nami nikawa wakala. Daftari likarudi, safari hii likiwa mezani, wazi. Utaratibu ulitaka jina la mteja, namba yake, kiasi na saini, mstari chini ya mstari. Kila aliyeinama kusaini alisoma waliomtangulia: mwalimu ametoa kiasi hiki, mjane wa mtaa wa pili ametumiwa kiasi kile, na namba zao hizo hapo. Tulioshika daftari la zamani chini ya khanga tuliona vibaya. Nilikata kadibodi nikatoboa ufa wa mstari mmoja, nikawa naiteremsha juu ya ukurasa kila mteja anaposaini. Mawakala wenzangu wawili watatu waliiga. Ilikuwa dawa ndogo, lakini ilifanya kazi.

Kisha ukaja ule ujumbe ambao hakuna Mtanzania asiyewahi kuupata: ile pesa tuma kwenye namba hii, jina litakuja la fulani. Tapeli hakujui, anapeleka kwa maelfu, na mmoja wao kweli anadaiwa kodi ya nyumba au anangoja kumtumia mtoto ada. Nimewapokea wazee waliotuma. Niliwaona wakikaa kwenye benchi bila kusema kitu. Kwa ajili yao ninaunga mkono usajili wa laini, ulioanza 2009 na kuwekewa sheria mwaka uliofuata. Juni 2016 simu bandia zilizimwa, na kila mmoja akajifunza kubonyeza *#06# na kuona kwamba simu yake ina namba yake yenyewe. Mei 2019 ukaanza usajili wa alama za vidole kwa namba ya NIDA. Mwisho ulikuwa Desemba, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020, na foleni za NIDA siku hizo za mwisho zilianza alfajiri.

Usajili ni jambo jema lililofanywa kwa haraka. Vijana walikaa chini ya miavuli ya rangi kando ya barabara, wanalipwa kwa idadi ya laini, na mtu akaweka kidole. "Haijasoma mama, weka tena." Akaweka tena. Wengine wao kila walipoweka tena, laini nyingine ilizaliwa kwa jina lao na kuuzwa kwa tapeli. Hivyo dawa ya utapeli ikawalisha baadhi ya matapeli. Namba ya siri ikiibwa unaibadilisha. Kidole ni hicho hadi kaburini, na kitu cha namna hiyo kilistahili chumba, meza na mtu aliyeapa, hakikustahili mwavuli.

Lakini lililonifanya nikae kuandika haya ni programu za mikopo. Mtu ana shida usiku, anapakua, inaomba ruhusa ya kusoma orodha ya namba zake, anakubali kwa sababu mtoto ana homa. Akichelewa kulipa, ujumbe unatumwa kwa mama mkwe, kwa bosi, kwa mwenyekiti wa kikoba, kwa imamu, ukiwa na picha yake na neno mwizi. Nilipata ujumbe wa namna hiyo kuhusu mwanamke aliyekuwa mteja wangu wa kuchajisha, ambaye kwa miaka yote sikumjua kwa deni la mtu. Namba yangu ilikuwa kwenye simu yake. Hilo tu ndilo kosa letu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Ilikuwa hatua ya kweli, na ilichelewa kwa waliokwisha kuvuliwa nguo mbele ya wakwe zao.

Orodha ya namba za watu ndicho kile kitu kilichokuwa chini ya khanga yangu. Nilikikalia. Nilikataa pesa kwa ajili yake, na sikuwa mtakatifu. Nilijua tu kwamba nikifunua ukurasa mmoja, kesho mama wa maandazi hataketi tena kwenye benchi langu, na nitamkuta sokoni, na nitamkuta msibani. Mwenye programu ya mkopo hatamkuta mteja wake msibani. Ndiyo maana adabu haitoshi tena na sheria inahitajika.

Vijana huniambia, bibi, mimi sina cha kuficha. Nimesikiliza simu za mtaa kwa miaka, na nawaambia walioshusha sauti mezani kwangu karibu wote hawakuwa wahalifu. Walikuwa na ugonjwa, na deni, na mimba ambayo bado haijasemwa kwa baba, na mtoto aliyefungwa, na kazi waliyotaka kuiacha kabla mwajiri hajajua. Kila mtu wa heshima niliyemfahamu alishusha sauti siku moja.

Sheria ya taarifa binafsi tunayo sasa. Kenya walipitisha yao 2019, na mwaka 2023 kamishna wao wa ulinzi wa taarifa aliitoza faini ya zaidi ya shilingi milioni nne za Kenya shule iliyoweka hadharani picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Mwaka huohuo watu walijipanga kwenye jumba la mikutano la KICC, Nairobi, kupigwa picha za mboni za macho kwa mradi wa Worldcoin, wakipewa sarafu za kidijitali za thamani ya karibu shilingi 7,000 za Kenya. Serikali ikausimamisha mradi, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa hizo zifutwe. Kwetu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022, ikaanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Imeanza na mashirika na taasisi kubwa, na hilo naliona sawa. Naiomba isiishie huko. Ije kwenye steshenari za Mwenge na Ubungo, ije kwa mafundi wa Kariakoo, ije kwa wakala anayekaa juani. Huko ndiko taarifa za Mtanzania zinakoshikwa kwa mkono, na wanaozishika watasikiliza wakiambiwa na mtu anayewaheshimu.

Na wewe unayesoma, ukichapisha karatasi steshenari usiondoke kabla hujaona faili lako likifutwa mbele ya macho yako. Programu ya mkopo au ya mchezo ikiomba orodha ya majina, ikatalie. Majina hayo ni ya watu wengine. Na leo hii bonyeza *106#, utazame laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, nenda kwenye duka la mtandao husika ukaikane.